Muuguzi Anapokushika Mkono na Kutazama Saa

Ukienda kliniki yoyote hapa Ngoingwa, au ukipanga foleni katika Hospitali ya Thika Level 5 ambayo wengi wetu tungali tunaiita Hospitali ya Wilaya, kuna mtu utakayekutana naye kabla ya daktari. Atakuketisha kwenye kiti, akufunge mkanda wa presha, akushike kifundo cha mkono na kutazama saa yake. Ataandika tarakimu tatu au nne kwenye karatasi kisha akuambie usubiri. Wagonjwa wengi hudhani kwamba hiyo ni desturi tu, kama vile mlinzi wa lango anavyoandika nambari ya gari lako. Wengine hunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Wiki hii nataka kueleza zile tarakimu husema nini, na jinsi mimi mwenyewe nilivyowahi kuzipuuza, nusura mgonjwa apoteze maisha.

Alikuwa mama kijana aliyejifungua mtoto wake wa pili wiki sita kabla. Alikuja akilalamika kikohozi na uchovu. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Thika imekolea na nusu ya mtaa inakohoa. Nilimsikiliza kifua upesi upesi, nikasikia milio kidogo upande wa chini wa mapafu, nikamwandikia dawa ya kuua viini. Kwenye karatasi yake nafasi ya mapigo ya moyo ilikuwa tupu, kwa maana foleni ya siku hiyo ilikuwa ndefu. Sikuuliza. Uchovu nao nikaupatia sababu rahisi: ana mtoto mchanga, halali usiku.

Siku ya tano alirudi. Safari hii sista wetu, muuguzi aliyefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko mimi, alimshika mkono kwa dakika nzima, akamtazama shingo, akabonyeza miguu yake juu kidogo ya vifundo, kisha akamwuliza swali ambalo mimi sikumwuliza.

"Mama, ukilala unatumia mito mingapi?"

Mama akajibu kwamba mito miwili haikumtosha tena. Usiku uliotangulia alikuwa amelala ameketi kwenye kochi, kwani kila akijinyoosha kitandani alihisi kama anazama majini. Sista akaja mlangoni pangu.

"Daktari, yule mama wa kikohozi moyo wake unapiga mara 118, na ameketi tu. Na miguu inabonyea."

Haikuwa nimonia. Ulikuwa moyo ulioshindwa na kazi yake. Ili msomaji aelewe sista aliona nini katika dakika hizo chache, bila mashine yoyote kubwa, hebu kwanza tuutazame moyo wenyewe.

Moyo wa mtu mzima ni fungu la misuli lenye ukubwa kama wa ngumi yake. Tunauita pampu, lakini ukweli ni kwamba ni pampu mbili zilizogandamana. Pampu ya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma hadi kwenye mapafu, ambayo yako karibu, hivyo haihitaji nguvu nyingi. Pampu ya kushoto huipokea damu hiyo kutoka mapafuni ikiwa imejaa oksijeni, na kuisukuma mwilini kote, kuanzia utosini hadi ncha ya kidole cha mguu. Ndiyo sababu ukuta wa upande wa kushoto ni mnene mara kadhaa kuliko wa kulia. Kila pampu ina vyumba viwili, cha juu cha kupokelea na cha chini cha kusukumia, na kwenye milango yake kuna vali zinazofungukia upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma. Ule mlio wa "dub-dab" tunaousikia kwa stethoskopu ni sauti ya vali hizo zikifunga.

Kwamba damu huenda mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo na kurudi upande wa pili ni jambo lililoandikwa tangu karne ya 13 na Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Syria na kufanya kazi Cairo. Mzunguko mzima wa mwili ulielezwa na Mwingereza William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628. Kabla ya hapo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba damu hutengenezwa kwenye ini na kumalizikia mwilini kama maji ya kunyunyizia shamba. Harvey alipiga hesabu tu. Akaona kwamba kiasi cha damu kinachotoka moyoni kwa nusu saa ni kingi kuliko chakula chochote kinavyoweza kutengeneza, basi lazima ni damu ile ile inayozunguka.

Hesabu hiyo tunaweza kuifanya hapa. Mpigo mmoja wa moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa mililita 70 hivi za damu. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, hizo ni karibu lita 5, yaani karibu damu yote uliyo nayo mwilini huzunguka kila dakika. Matangi ya lita 5,000 tunayoyaona juu ya nyumba zetu mtaani, moyo wako ungelijaza moja kwa muda wa saa 17 hivi, usiku na mchana, bila kuomba umeme.

Sasa mchukue yule mama. Baadaye picha ya moyo, ile inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba moyo wake ulikuwa umetanuka na ulikuwa ukitoa robo tu ya damu iliyokuwa ndani kwa kila mpigo. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu. Tuseme kila mpigo wake ulitoa mililita 40 badala ya 70. Mwili bado unadai lita zake 5 kwa dakika. Moyo ufanyeje? Hauna njia ila kupiga haraka. Mara 118 kwa mililita 40 ni karibu lita 4.7. Tarakimu aliyoiandika sista ilikuwa moyo ukijaribu kulipa deni.

Miguu inabonyea kwa sababu gani? Damu isiposukumwa mbele vizuri hurundikana nyuma, kama magari kwenye barabara ya Thika kunapotokea ajali kule mbele. Shinikizo hupanda katika vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni, na maji hupenya kutoka kwenye mishipa midogo na kuingia kwenye nyama. Mchana yanateremkia miguuni. Muuguzi akibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko kwa sekunde kadhaa kisha akaachilia, shimo linabaki. Ukilala, maji yale hurudi katika mzunguko na kuelekea kifuani, ambako pampu ya kushoto iliyochoka haiwezi kuyaondoa. Mapafu yanalowa. Mgonjwa anakohoa na kukosa pumzi, anaongeza mto, halafu mwingine, mwishowe analala ameketi. Swali la mito si porojo. Ni kipimo, na kila muuguzi anayejua kazi yake huandika jibu kwa tarakimu: mito 2, mito 3, kiti.

Shingoni nako muuguzi hutazama mshipa wa vena ulio pembeni. Mgonjwa huegemezwa nusu kuketi, kichwa kimegeuzwa kidogo. Mshipa ukionekana umejaa hadi karibu na sikio, ujue kwamba damu inasubiri mlangoni mwa moyo bila kupokelewa.

Turudi kwenye mkono. Watu huona ni jambo jepesi kuhesabu mpigo, na kwa kweli unaweza kujifunza leo jioni. Weka ncha za vidole viwili au vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ubonyeze polepole. Usitumie gumba lenyewe kwa sababu lina mpigo wake na utajihesabu mwenyewe. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Wanariadha wetu huweza kuwa na 45 wakiwa wazima kabisa, kwani moyo uliozoezwa hutoa damu nyingi kwa mpigo mmoja. Mtoto mchanga kupiga 140 ni kawaida. Homa huongeza mapigo kumi hivi kwa kila digrii moja ya joto.

Kuna mazoea ya kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Sipendi mazoea hayo, na katika kliniki yetu tangu siku ile tumeyaacha. Ukikosea mpigo mmoja umekosea minne. Jambo kubwa zaidi ni kwamba muuguzi hahesabu tu. Anasikiliza kwa vidole kama mpigo unakwenda kwa mpangilio, kama una nguvu au ni hafifu kama uzi, kama kuna unaoruka. Upo mpigo usio na mpangilio wowote, unaokimbia na kusita kama mtoto anayejifunza ngoma. Mpigo wa namna hiyo mara nyingi humaanisha kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Hapo wauguzi wawili hushirikiana na saa moja: mmoja anahesabu mkononi, mwenzake anahesabu kifuani kwa stethoskopu. Kifuani ikiwa 110 na mkononi 88, kuna mapigo 22 ambayo hayakuwa na nguvu ya kufika mkononi. Katika moyo unaotetemeka hivyo damu husimama na kuganda, na bonge likiruka kwenda kwenye ubongo mtu hupooza.

Kwa wazee, chanzo cha mtetemo huo huwa mara nyingi presha ya miaka mingi. Kwa vijana wetu wa Afrika Mashariki chanzo ni tofauti, na kinanihuzunisha kwa sababu kinaweza kuzuiwa: vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Huanza na maumivu ya koo ya mtoto yaletwayo na bakteria. Wiki chache baadaye viungo vinavimba, na kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na bakteria inazishambulia vali za moyo. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano inauma na wazazi huiacha mtoto akionekana mzima. Kwenye mtaa wenye shule nyingi kama huu, koo la mtoto lenye homa na usaha lisiishie kwa asali na limau peke yake.

Nafasi hairuhusu kueleza mipigo yote. Nitaje mmoja tu: ule ulio juu ya unyayo, ambao muuguzi hutafuta kwa mgonjwa wa kisukari. Mguu ukiwa baridi na mpigo haupatikani, kidonda kidogo cha kiatu hapo ni jambo la siku hiyo hiyo.

Rangi nayo. Vitabu vingi tulivyosomea viliandikwa kwa kutazama Wazungu, vikasema mgonjwa "hugeuka buluu". Kwa ngozi yetu anayengoja kuona buluu kwenye shavu atangoja mpaka matanga. Muuguzi wetu hutazama ulimi, ndani ya mdomo, ndani ya ukope wa chini na viganja. Kisha hubonyeza ukucha hadi uwe mweupe, akauachilia na kuhesabu: rangi irudi katika sekunde 2 hivi. Kwa mtoto anayeharisha, ikipita sekunde 3 na mikono ni baridi, damu haifiki pembeni na hakuna wakati wa kupoteza. Lakini asubuhi ya Julai upashe mkono joto kwanza, la sivyo utapima baridi ya Thika. Vile vifaa vidogo vya kubana kidole vilivyopata umaarufu wakati wa korona mwaka 2020 husaidia, ila baridi na rangi ya kucha huvidanganya, na imethibitika kwamba kwa watu weusi wakati mwingine huonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo.

Sasa presha, ambayo najua wengi mmeisubiri. Mkanda unapojazwa hewa huubana mshipa wa ateri hadi damu isipite. Hewa ikipunguzwa polepole, inafika mahali damu inapenya kwa kishindo moyo unaposukuma. Hiyo ndiyo namba ya juu. Ikiendelea kupunguzwa, kishindo kinatoweka kwa kuwa mshipa uko wazi hata moyo unapopumzika. Hiyo ni namba ya chini. Mkanda ulibuniwa na Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na vishindo vile vikaelezwa na Mrusi Korotkov mwaka 1905. Namba ya chini haishuki hadi sifuri kwa sababu kuta za ateri kubwa hunyumbuka kama mpira: hutanuka damu ikiingia, kisha hujikunja na kuendelea kuisukuma moyo ukiwa umepumzika. Ni katika mapumziko hayo ndipo sehemu kubwa ya misuli ya moyo wenyewe hupata damu yake.

Kipimo hiki huharibiwa kwa urahisi. Umetoka stejini mbio, umeketi ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, mkono umeachwa chini, kibofu kimejaa, na wakati mkanda unabana unaendelea kumsimulia sista habari za mwenye nyumba. Kila moja ya hayo hupandisha namba. Mkono uliowekwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo huongeza karibu 8 peke yake. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza pia. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote sakafuni bila kupishanishwa, mkono juu ya meza, kimya. Pimwa mara mbili, na safari ya kwanza mikono yote miwili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Una haki ya kumwambia muuguzi kwa heshima, "Sista, naomba nipumzike kidogo kwanza." Hatakasirika.

Je, presha ni ugonjwa wa wazee tu au wa ukoo? Kenya yenyewe imetoa jibu muhimu. Mwaka 1929 daktari aitwaye Donnison, aliyefanya kazi katika eneo lililoitwa wakati huo Kavirondo Kusini, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000. Aliona kwamba baada ya umri wa miaka 40 presha yao ilielekea kushuka, kinyume na ya Wazungu. Miaka ya 1960 daktari Shaper na wenzake waliwapima vijana wa Kisamburu waliojiunga na jeshi. Kadiri walivyokaa katika maisha ya kambi na chakula chake ndivyo presha zao zilivyopanda. Halafu mwaka 1990 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Poulter na wenzake, waliowafuata Waluo waliohama kijijini na kuja Nairobi. Presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti ilionekana mapema mno, ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi kulinganisha na potasiamu, ile inayopatikana katika mboga, ndizi na viazi.

Msomaji, jiulize ni wangapi mtaani kwetu waliozaliwa hapa. Sisi ndio wahamiaji wale. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Nao wengi huniambia, "Daktari, kichwa hakiniumi." Presha haina haja ya kukuumiza kichwa. Inafanya ukuta wa moyo kuwa mnene na mgumu, inachakaza figo na mishipa ya macho, na mwenyewe anacheza karata jioni kama kawaida. Kuna mzee mmoja ambaye humeza vidonge wiki ya kliniki pekee ili asigombezwe na sista. Namba zake ni nzuri sana kwenye kadi. Figo zake hazisomi kadi.

Yule mama tulimpeleka hospitali kubwa siku ile ile. Ugonjwa wake ni udhaifu wa misuli ya moyo unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Huchanganywa kirahisi na uchovu wa uzazi, na hapo ndipo mimi nilipoanguka. Alipewa dawa za kutoa maji na za kuupunguzia moyo mzigo. Baada ya miezi kadhaa picha ilionyesha moyo umerudi karibu na kawaida. Si wote wanaopata bahati hiyo.

Mwanamke yeyote aliyejifungua karibuni ambaye hawezi kulala chali, anayeamka usiku akitafuta hewa, au ambaye miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua, aende hospitali leo, na akifika aombe ahesabiwe mpigo. Akina mama waliokwisha kuugua hivyo wasishike mimba nyingine kabla ya kuzungumza na daktari wa moyo na kupigwa picha, kwani ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mkali zaidi. Mgonjwa wangu ananiuliza kuhusu mtoto wa tatu kila anapokuja. Bado tunazungumza, na mume wake huja naye.